Jinsi ya Kuichunguza Likeni ya Ukoko kwenye Gome la Mkorosho

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tupo Newala, mkoani Mtwara, ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, chini ya mkorosho mkongwe ambao shina lake limejaa mabaka meupe na ya kijivu. Wapo wanaodhani kwamba ubwiriunga umehamia shinani, lakini ugonjwa huo hushika majani machanga na maua. Hii ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na kuvu humpa makazi. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alipotangaza kwamba likeni ni viumbe wawili, wataalamu wengi walimpinga.

Kwanza, pitisha ukucha taratibu pembeni mwa baka. Likeni yenye umbo la majani ingeinuka. Hii haibanduki, kwa sababu imelishika gome kama ukoko wa wali ulivyogandia sufuria. Tafadhali usichukue panga. Mimi niliwahi kukwangua shina zima la mkorosho wa nyumbani nikidhani ninautibu, nikaambulia vidonda vinavyotoa utomvu, ilhali likeni hainyonyi mti bali huutumia kama mahali pa kukaa tu.

Pili, chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Wengi huishika mbali, kisha wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Iweke karibu kabisa na jicho, halafu usogeze uso kuelekea kwenye gome mpaka picha itulie. Hapa, juu ya ukoko mweupe, mnaona vistari vyeusi vilivyopinda na kugawanyika, mithili ya mwandiko wa mtu aliyeandika kwa haraka. Hiyo ndiyo sehemu ya kuvu inayotoa mbegu zake, na kwa ajili yake jenasi hii ikaitwa Graphis, kutokana na neno la Kigiriki la kuandika. Jamaa zake ni wengi katika misitu ya kitropiki yenye unyevu, ikiwamo ya milimani.

Tatu, dondoshea matone mawili ya maji. Ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga zaidi, na rangi ya mwani uliojificha ndani huanza kuonekana. Kisha kwa ncha ya sindano kwangua sehemu isiyozidi punje ya mtama: ukiona rangi ya manjano inayoelekea chungwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwani wake ni Trentepohlia, ambaye kwa uainishaji ni mwani wa kijani, ingawa rangi yake haisemi hivyo.

Usikimbilie kutaja spishi. Aina za Graphis hutofautishwa kwa mbegu zinazopimwa kwa hadubini na kwa kemikali zilizomo, hivyo picha ya simu peke yake itakufikisha kwenye jenasi tu.

Mwisho, weka sarafu ya shilingi 200 kando ya baka, piga picha ukiwa umelikabili gome moja kwa moja, kisha andika tarehe, aina ya mti, kimo kutoka ardhini na upande wa shina. Rudi mwaka ujao na sarafu ya aina ileile, kwa kuwa ukoko huu hukua polepole mno, mara nyingi milimita chache au chini ya hapo kwa mwaka, na jicho tupu halitakwambia kama umesogea.