Roki Bila Umeme: Marillion na Albamu ya Gitaa Kavu

KAKA: Karibuni tena kipindini, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Kinondoni, Dar es Salaam. Leo tunazungumzia Marillion, bendi ya roki ya Uingereza iliyoanza mwaka 1979, na hasa albamu yake ya gitaa kavu ya mwaka 2009, "Less Is More". Kwangu bado ni mpya, kwa sababu nimeisikia mwezi huu tu. Dada yangu hapa ameipiga nyumbani kwake wiki nzima, na nasikia hata majirani sasa wanaiimba.

DADA: Majirani wanasingiziwa, kaka, wanaoimba ni wanangu. Lakini niruhusu nianze na jambo linalonikera. Watu wakisikia kwamba bendi ya roki imeweka kando magitaa ya umeme, hudhani imepunguza kelele tu, kama mtu anayepunguza sauti ya redio mtoto akilala. Kinachopungua hasa ni urefu wa sauti, na huo ndio msiba wenyewe kwa mpiga gitaa. Hebu nipe hilo gitaa.

KAKA: Chukua, ila nyuzi zake ni za tangu mwaka juzi, usije ukanilaumu.

DADA: Nagusa uzi mwembamba, mara moja tu. Sikiliza. Moja, mbili, tatu… hapa kwenye nne unakisia tu kwamba bado unalia. Uzi huohuo kwenye gitaa la umeme, ukipitishwa kwenye ampilifaya yenye mkwaruzo, ungeendelea kulia huku mpigaji akiuvuta na kuutetemesha anavyopenda. Steve Rothery, mpiga gitaa wa Marillion, amejijengea jina kwa noti ndefu za namna hiyo. Ukimwondolea umeme, umemwondolea nusu ya maneno yake.

KAKA: Ndiyo maana, naona, hawakuthubutu kuzipiga nyimbo zao za zamani kama zilivyokuwa. "Interior Lulu", ambayo mwaka 1999 ilizidi dakika 15, humu imefupishwa karibu kwa nusu. "Hard as Love" ya mwaka 1994, ambayo ilikuwa ya kurukia jukwaani, humu imetulizwa kabisa. Wimbo mpya ni mmoja tu. Zilizobaki ni ukarabati.

DADA: Ukarabati wa kubomoa hadi msingi, kaka, si wa kupaka rangi. Na sisi watu wa mwambao tatizo hilo tunalijua tangu zamani. Katika taarabu ya Unguja, sauti ya udi na ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hufifia upesi, na kwa hiyo mpiga udi huurudiarudia uzi kwa risha, kipande cha kupigia nyuzi, ilhali fidla na akodiani hubeba sauti ndefu chini ya mwimbaji. Mpiga gitaa wa Kongo, Mwenda Jean Bosco naye, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, aliyajaza mapengo kwa kidole gumba na cha shahada, vidole viwili tu, visivyopumzika hata kidogo. Marillion walichagua njia ya tatu: waliyaacha mapengo wazi, kisha wakamkabidhi mwimbaji wao, Steve Hogarth, kazi ya kuyavuka.

KAKA: Mahali pengine havuki, dada. Kuna nyimbo mbili tatu humo ambazo, kwa maoni yangu, zimebaki mifupa.

DADA: Zipo, sikatai. Ila sikiliza "Out of This World". Wimbo huo ulitoka kwanza mwaka 1995, nao unamhusu Donald Campbell, dereva Mwingereza wa boti za kasi, aliyefariki tarehe 4 Januari 1967 katika ziwa Coniston, akijaribu kuivunja rekodi yake mwenyewe ya mwendo kasi majini. Boti yake, Bluebird, ilikuwa imezidi maili 300 kwa saa ilipoinuka na kupinduka. Mzamiaji mmoja, Bill Smith, aliusikia wimbo huu, ukamkaa moyoni kiasi cha kwenda kuyatafuta mabaki ya boti hiyo ziwani, na mwezi Machi 2001 yakatolewa majini, Hogarth mwenyewe akiwa ufukweni anatazama.

KAKA: Yaani wimbo uliiopoa boti.

DADA: Uliiopoa boti! Sasa wimbo wenye historia hiyo ukipigwa bila umeme, kimya kilicho katikati ya mistari kinakuwa kama maji yaliyotulia baada ya boti kuzama.

KAKA: Na mambo ya fedha? Mkataba wao na kampuni ya rekodi ya EMI ulikwisha mwaka 1995. Mwaka 1997 hawakuwa na uwezo wa kwenda kupiga Marekani, mashabiki wa huko wakachangishana kwa intaneti hadi dola 60,000. Albamu ya "Anoraknophobia" ya mwaka 2001 ililipiwa na mashabiki zaidi ya 12,000 kabla haijarekodiwa. Wazungu waliandika habari hizo kwa mshangao mkubwa, wakati hapa kwetu kamati ya harusi inakukumbusha ahadi yako ya mchango miezi mitatu kabla ya pilau.

DADA: Tofauti ni kwamba harusini unajua utakula. Hawa walilipia chakula ambacho mpishi hajakiwazia bado. Halafu kuna jambo ambalo wanamuziki wetu wangelitazama kwa makini: rekodi walizozifanya chini ya EMI zilikuwa mali ya EMI, lakini baadhi ya nyimbo hizo zilipopigwa upya kwa gitaa kavu na kutolewa kwa lebo yao wenyewe, Intact, rekodi hizo mpya ni zao. Sisemi kwamba ndiyo sababu waliyoifanyia kazi hiyo.

KAKA: Lakini hukosi kuifikiria.

DADA: Sikosi. Bendi isiyo na tajiri nyuma yake hujifunza kuhesabu. Tuwawekee wasikilizaji hiyo "Out of This World", ya gitaa kavu.

KAKA: Naiweka sasa hivi.

DADA: Ngoja kwanza, kaka. Izime hiyo feni, inaingia kwenye maikrofoni.

KAKA: Kwa joto hili?

DADA: Dakika chache tu. Utajifuta jasho baadaye.