Mlezi wa Mfereji, au wa Kifuko?

Musa: Kabla hujanicheka, Dada Akello, naomba nijieleze. Juzi nilikuwa Butiaba, ufukoni mwa Ziwa Albert, nikamsaidia mvuvi kunasua wavu wake, na nilipomshika kambare mmoja mnene, wa kijivu mwenye madoa meusi, mkono ulikufa ganzi hadi begani.

Akello: Wavuvi hawakukuonya?

Musa: Walinionya walipomaliza kucheka.

Akello: Huyo ni kambare wa umeme, ambaye pigo lake huweza kufikia volti 350. Ajabu yake ni kwamba ogani ya umeme ya kila ubavu huamriwa na seli moja tu kubwa ya neva. Kwa hiyo, wasikilizaji, Bwana Musa ameangushwa na seli mbili.

Musa: Sikuanguka, niliketi. Tuingie katika somo la leo, yaani protini za ulezi, zile zinazosaidia protini nyingine kushika umbo lake, na mifereji ya kalsiamu, vile vitundu vya utando wa seli vinavyopitisha kalsiamu.

Akello: Somo limo ndani ya samaki wako. Mshtuo wa umeme unapofika kwenye ncha ya neva, mifereji ya kalsiamu hufunguka, na kwa kuwa kalsiamu ya nje ya seli huzidi ile iliyo huru ndani kwa takriban mara 10,000, huingia kwa kasi na kuvifanya vifuko vya kemikali za ujumbe vimwage shehena yake. Juu ya vifuko hivyo hukaa protini ya ulezi iitwayo CSP, ambayo kwa kushirikiana na mlezi mwenzake, Hsc70, huzirekebisha protini zilizopoteza umbo.

Musa: Nayo CSP huiongoza mifereji pia. Mwaka 1992, Gundersen na Umbach walitia katika mayai ya chura RNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini, ya Torpedo, yule samaki taa wa baharini atoaye umeme, na walipozuia maagizo ya CSP, mkondo wa mifereji ya kalsiamu ya aina ya N, mojawapo ya aina zilizo kwenye ncha za neva, ulidhoofika.

Akello: Taa huyo naye angekuketisha. Lakini mwaka 2004 walichunguzwa panya wasio na CSP-alfa, na mikondo yao ya kalsiamu ilikuwa ya kawaida, ingawa ncha za neva zilizidi kuharibika na panya wakafa wangali wachanga. Baadaye ilionekana kwamba anayelelewa ni SNAP-25, protini ya kuunganisha kifuko na utando. Mfereji haumo.

Musa: Mikondo hiyo ilipimwa katika sinapsi, yaani kiungo cha neva na neva, moja kubwa ya njia ya kusikia, tena panya wakiwa wadogo sana. Katika seli za maabara, CSP imeonekana ikiziwezesha protini za G, zinazopitisha ishara ndani ya seli, kuuzuia mfereji wa aina ya N. Hilo ni jambo gani kama si udhibiti?

Akello: Seli ya maabara iliyojazwa protini kupita kiasi hukubali mengi ambayo neva hai hukataa.

Musa: Na panya mmoja hawezi kuisemea kila sinapsi.

Akello: Hapo sikuafiki.

Musa: Wala mimi sirudi nyuma. Fundi ananionyesha saa, na bado tulikuwa na kipokezi cha sigma-1, protini nyingine ya ulezi, pamoja na gabapentini, dawa ya maumivu ya neva inayopunguza idadi ya mifereji inayofika kwenye utando.

Akello: Hayo tuyaache. Waliouliza kuhusu gabapentini watajibiwa wiki ijayo, ikiwa mwenzangu hataenda tena kuvua.