Kufunga raki za draivini ghalani: usikaze nati mapema

Mbukwenyi jamani! Karibuni tena kwenye chaneli yetu. Leo tuko Nala, barabara ya kwenda Singida, ndani ya ghala la mama mmoja anayekamua alizeti. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wetu wa Dodoma unapiga bati, kwa hiyo nitaongea kwa sauti. Mwaja, sogea na kamera, wadau waone chuma kilichoshushwa jana.

Hizi ndizo raki za draivini. Maana yake foklifti haibaki nje ikanyoosha mikono, inaingia yenyewe katikati ya nguzo mpaka ndani kabisa, inaweka paleti juu ya reli, inarudi kinyumenyume. Reli moja kulia, reli moja kushoto. Hakuna boriti inayokatiza mbele, kwa sababu ingekuwepo foklifti ingepita wapi? Hilo la boriti likae kichwani, maana matatizo yote ya raki hizi yanaanzia hapo.

Kwa nini mama kachagua hizi? Mzigo wake ni wa aina moja tu: mafuta kwenye madumu ya lita 20, madumu 48 kwa paleti. Ukifunga raki za kawaida, kila mistari miwili inataka njia ya foklifti ya mita 3 na nusu hivi, na njia hiyo hailipi kodi ya ghala. Hapa tuna njia 8, kila moja inaingia paleti 6 kwenda ndani, na ngazi 3 kwenda juu: moja sakafuni, moja kwenye reli ya mita 1.75, nyingine kwenye reli ya mita 3.5. Jumla paleti 144 kwenye upana usiofika mita 12. Kwa Kanda ya Kati, ambako alizeti inaingia kwa mkupuo baada ya mavuno, mzigo wote unataka pa kulala kwa wakati mmoja.

Ila niseme ukweli kabla hujanipigia. Paleti iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Kama biashara yako ni maziwa, mikate, au bidhaa 50 tofauti paleti mbilimbili, raki hii si yako, nami sitakuuzia. Tutakutafutia nyingine.

Haya, kazi. Kabla ya kuagiza hata bolti moja, pima vitu viwili: paleti na foklifti. Paleti zetu hapa ni milimita 1,000 kwa 1,200, na zinaingia upande wa 1,200 ukivuka kutoka reli hadi reli. Sasa sikilizeni, kwenye raki ya kawaida paleti inalala juu ya boriti. Hapa paleti yenyewe ndiyo boriti. Imekaa kama daraja, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, katikati hewa tupu. Ikiwa na ubao uliopasuka, daraja limepasuka. Zile paleti za kuokoteza, moja fupi, moja imepigiliwa ubao wa kuni, zitoe kabisa ghalani. Nimemwomba mama auze zote 30 zilizokuwa pale nje, akakubali, Mungu ambariki.

Na wenye magunia, nawaona kwenye maoni. Lumbesa haipandi hapa. Gunia lililotuna linatoka nje ya paleti, linakwaruza nguzo, linavuta mzigo mzima upande. Gunia liwe la kipimo, lipangwe kwa kufungana, lisivuke ukingo wa paleti.

Foklifti: pima upana wa mwili, halafu pima paa la dereva. Watu wanasahau paa. Mwili unapita kati ya nguzo, paa linapita kati ya reli, na kati ya reli ni pembamba zaidi. Hapa kati ya nguzo na nguzo ni milimita 1,350, kati ya reli na reli ni 1,010. Paa la mashine hii ya umeme ni 860, inabaki 75 kila upande. Inatosha kwa dereva aliyetulia.

Kupiga mistari sakafuni ni uzi na chaki, mnajua. Pembe ya mraba, tumia tatu-nne-tano: pima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, mshazari usome 5, endelea. Kuunganisha fremu chini, yaani nguzo na mikingamo yake kwa bolti, sitapoteza muda wenu, Ndahani na wenzake wamemaliza 10 kabla ya chai.

Tunasimamisha fremu kutoka nyuma, ukutani, tunakuja mbele. Boriti za juu zinaingia, halafu misalaba, vile vyuma vya mshazari vinavyokatizana: msalaba wa nyuma na msalaba wa juu. Fundi anayekuambia misalaba itafungwa kesho, na leo nguzo zimesimama peke yake, mwambie ashuke. Chini na katikati hakuna kinachoshika nguzo hizi upande kwa upande, zinashikwa na hiyo misalaba na miguu yake. Na sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi ya Dodoma hutikisika, tunaijua. Kwa hiyo misalaba kwanza.

Nati zote hapa ni za mkono. Narudia: za mkono. Spana bado iko kwenye boksi.

Sasa tumefika mahali ninapopapenda na ninapopaogopa. Usawa wa chini. Mwaja, piga bamba hili la mguu kwa karibu. Ni dogo kama kiganja changu, mnaona? Mstari mmoja wa nguzo wa kati unabeba nusu ya njia ya kulia na nusu ya njia ya kushoto. Ukihesabu tani 1 kwa paleti, paleti za sakafuni ukiziacha kwa sababu zinabebwa na zege, mstari huo una tani 12 juu ya nguzo 7. Karibu tani 1 na robo tatu kwenye kiganja kimoja. Zege hapa lina unene wa milimita 150 na lina nondo ndani. Kama lako ni lile jembamba la kufagilia tu, chuma kitazama.

Sakafu ya mama imemwagwa ikiinamia mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Ni vizuri kwa usafi, lakini kwetu maana yake nguzo ya mbele iko chini ya ile ya nyuma kwa milimita 22. Tunajazia vipande vya bati, vya milimita 1, 2 na 3, vilivyokatwa saizi ya bamba lote. Siyo mbao. Siyo karatasi ya boksi. Siyo kipande kimoja pembeni, bamba likae kama meza yenye mguu mfupi.

Halafu timazi. Nguzo ni mita 5 na nusu, na mimi sikubali ipinde zaidi ya milimita 5 toka juu hadi chini. Leza tunayo, lakini mchana huu mlango uko wazi na jua hili, ule mstari mwekundu hauonekani. Timazi ya uzi inaonekana, ila upepo unaichezesha kama pendulumu ya saa. Tazameni anachofanya Ndahani: kaweka ndoo ya maji chini, kashusha timazi mpaka chuma kizame majini. Hesabu moja, mbili, tatu... imetulia. Maji yanashika chuma, uzi unasimama. Hii nilifundishwa na mzee mmoja mjenzi wa matanki kule Kibaigwa, na sijawahi kuiacha.

Breketi sasa. Zinaingia kwenye matundu ya nguzo, piga nyundo ya mpira mara mbili, halafu pini ya usalama. Kila breketi, pini. Foklifti ikigonga reli kutoka chini, breketi isiyo na pini inachomoka. Reli zinalala juu yake, viungo vya reli viwe juu ya breketi na siyo hewani, vichwa vya bolti vilale visikwaruze paleti. Twende.

Sasa kila mtu asimame, tunapima mdomo. Mdomo ni ule upana wa 1,350 kati ya nguzo na nguzo. Unapima mbele, unapima kila nguzo mpaka nyuma, na kila mahali unapima mara tatu: chini, katikati, juu. Njia moja, vipimo 21. Ndiyo, vyote. Mafundi wenzangu wananiambia, aah, mbele na nyuma inatosha.

Haitoshi, na nitawaambia nimejuaje. Miaka iliyopita nilifunga ghala moja, nikapima mbele, nikapima nyuma, nikakaza kila kitu siku hiyohiyo kwa sababu mwenye mali alikuwa na haraka. Katikati ya njia, juu, mdomo ulikuwa umefunguka milimita 30. Hesabu tuifanye pamoja. Paleti ikikaa katikati, kila upande inalalia reli milimita 95. Dereva akiisukuma milimita 50 upande mmoja, upande wa pili inabaki kulalia 45, vidole vitatu. Toa 30. Zimebaki 15. Kidole kimoja. Weka hapo paleti iliyovunjika kona. Ilishuka upande mmoja, paleti ya nne kutoka mbele, madumu yakamwagika juu ya paa la foklifti. Dereva alitoka salama, lile paa lilimwokoa. Usiku ule sikulala. Njia ile tuliitoa mzigo kwa siku mbili, dumu kwa dumu. Tangu hapo spana haitoki kwenye boksi mpaka vipimo vyote viandikwe.

Soma, Ndahani. Njia ya kwanza, 1,350, 1,351, 1,350... safi. Ya pili safi. Ya tatu, nguzo ya tatu, chini 1,351, katikati 1,354, juu...

Ngapi? Rudia. 1,358.

Subirini. Mwaja, usizime, waone. Hii ndiyo yenyewe. Chini ni sawa, juu imefunguka 8. Maana yake nguzo imeegemea nje, na mguu una kitu. Legeza boriti ya juu kidogo. Inua na mtaimbo, taratibu, weka mkono mbali. Leta tochi. Oneni hapo! Kokoto. Kipunje cha zege, hakifiki ukubwa wa punje ya mtama, kimekaa kwenye ukingo wa bamba. Mita 5 na nusu kwenda juu, punje inakuwa milimita 8. Fagia, futa na kitambaa, rudisha bati, shusha. Timazi tena, ndoo tena. Pima.

1,351. Alhamdulillahi. Mimi nakubali tofauti ya 3, zaidi ya hapo tunaanza upya.

Sasa, na ni sasa tu, tunatoa spana namba 19. Kaza kuanzia misalaba ya nyuma, halafu ya juu, halafu boriti, miguu mwisho. Ukianza na miguu umefunga kosa ndani ya zege.

Kutoboa: bolti za M12, biti ya 12, kina milimita 90, bolti mbili kila mguu. Vumbi la shimo lisafishe kwa brashi na pampu, mara mbili. Shimo lenye vumbi, bolti inazunguka tu haing'ati. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye boksi lake, siyo mpaka mishipa ya shingo isimame. Pima mdomo tena. Ndiyo, tena, kukaza kunavuta.

Reli za sakafuni za kuongoza matairi, vikinga vya nguzo za mbele, na bango la uzito wa juu wa paleti: fanya, usiruke hata kimoja.

Kaka Issa, karibu. Dereva wetu ana utulivu, muone alivyo. Paleti ina upana wa 1,200 na kati ya reli ni 1,010, kwa hiyo huwezi kuingia nayo chini ukainua ndani, itagonga reli. Anainua hukuhuku nje, juu kidogo ya reli, anaingia pole kama anayebeba maji kichwani. Tunaanza nyuma kabisa: sakafuni, kisha reli ya kwanza, kisha ya pili, ndipo tunasogea mbele nafasi moja. Kutoa ni kinyume, juu kwanza. Hakuna mtu anayetembea ndani ya njia wakati huo, hata kuchungulia.

Ameshusha. Anatoka kinyumenyume uma ukiwa palepale juu, atashusha akifika nje. Vizuri sana, kaka.

Tukijaza njia hii yote paleti 18 tutapima mdomo kwa mara ya mwisho, mzigo ukiwa juu, kwa sababu nguzo yenye mzigo inasukumwa nje, na kipimo cha raki tupu hakikuambii hilo. Anayetaka reli, breketi na pini, namba iko chini ya video. Njoo na upana wa paleti yako na upana wa paa la foklifti yako, mengine tutaongea.

Issa, lete ya pili. Ndahani, shika futi.