Weka kiberiti chini kwanza

Jamani nimepewa dakika kumi na mwenyekiti keshaanza kuangalia saa, sawa. Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi, naanzia Mbinga, kule Ruvuma, kwa wakulima wanaolima bila kuchoma nyasi.

Milima ya Umatengo wengine mmeipita kwa basi mkafumba macho. Mteremko ambao hata mbuzi anausita! Wamatengo walijibana huko karne ya 19 wakiwakimbia Wangoni, watu wengi ardhi finyu, na mpaka leo wanalima palepale. Wanafanyaje? Mwezi wa tatu hivi, masika yakielekea ukingoni, wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatizana kama nondo za dirisha, halafu udongo wa katikati unachimbwa unazifukia. Yanabaki matuta na mashimo, mlima mzima kama sega la nyuki. Hiyo ndo ngoro. Juu ya matuta maharage, mvua za mwisho wa mwaka zikirudi mahindi, na magugu ukipalilia unayatupa shimoni. Mvua ikipiga maji hayateremki na udongo wako, yanatuama shimoni yanazama polepole, huku chini nyasi zinaoza zinakuwa mbolea, bure kabisa, hujakopa mtu.

Bibi mmoja kule nilimuuliza kwa nini hachomi shamba kama wengine. Akanitazama weee, akasema, "Mwanangu, wewe ukitaka kutandika kitanda unachoma godoro kwanza?"

Hapo nilinyamaza, na mnajua mimi kunyamaza ni shida.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mzee huyu anataka tukachimbe mashimo Dodoma. Sijasema! Ngoro ni ya mteremko na ya mvua ya kule, ninachosema ni acheni kiberiti, mnachoma nyasi mwezi wa kumi halafu wa kumi na moja mnapanga foleni ya mbolea ya ruzuku, sasa hiyo si kichekesho? Na msiniambie trekta, trekta litapanda Umatengo kwa miguu gani?

Ila kazi ni ngumu, siwadanganyi, na wanaume wakishafyeka na kupanga nyasi wanaona wamemaliza, jembe anabaki nalo mama. Hapo simtetei mtu.

Nilikuwa na habari za kiwavijeshi na mbegu za asili lakini mwenyekiti kasimama kabisa. Haya, maswali. Wewe wa nyuma, uliza, ila usianze na trekta.