Mafindofindo Yaleyale, Meza Tatu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo mtaniwia radhi na hii sauti, nimetoka kazini saa hizi hizi na nimesimama tangu alfajiri. Kwa waliojiunga karibuni: mimi naandaa vifaa vya upasuaji kwenye hospitali moja ya chuo kikuu hapa Marekani, upande wa masikio, pua na koo. Daktari siyo mimi, kwa hiyo msinitumie picha za makoo yenu. Mlishanitumia, inatosha.

Kazi yangu inaendeshwa na kadi. Kila daktari mpasuaji ana kadi yake, imeandikwa anachotaka kukikuta mezani: kisu gani, uzi gani, glavu saizi gani. Leo tulikuwa na watoto watatu wa kutolewa mafindofindo, wengine mnaita tonsesi, na kila mtoto na daktari wake. Wa kwanza anatumia kisu na mkasi, kama zamani. Wa pili mkasi hataki hata kuuona, yeye ni koteri, ile ya umeme, chumba kizima kinanuka nyama iliyoungua. Wa tatu anatumia kobulesheni, umeme unaopita kwenye maji ya chumvi, na joto lake ni dogo kuliko la koteri. Ugonjwa uleule, ghorofa ileile, meza tatu.

Nikamuuliza yule wa kwanza, profesa, mbona wewe bado na kisu? Akanijibu, "Ndivyo nilivyofundishwa." Basi! Profesa mzima!

Lakini ukikaa humu unamwelewa. Kusomea ubingwa huu hapa ni miaka 5 baada ya kumaliza udaktari, na anayetaka kubobea kwenye sikio la ndani na mishipa yake ya fahamu anaongeza kama 2. Miaka yote hiyo umesimama begani kwa mtu. Utaondoka na elimu yake, na mazoea yake utaondoka nayo pia.

Na mazoea hayaishii kwenye kisu, yanafika hadi kwenye kuamua nani akatwe. Kuna habari ya New York, 1934. Walichukuliwa watoto wa shule 1,000, wakakuta 611 mafindofindo yalishatolewa. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa madaktari, 174 wakaambiwa wakatwe. Wale 215 walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine, 99 wakaambiwa wakatwe. Wakabaki 116, wakapelekwa tena. Hamsini na mmoja! Kila raundi karibu nusu, kana kwamba daktari anaingia kliniki na nusu yake mfukoni.

Mwaka 1973 watafiti wawili, John Wennberg na Alan Gittelsohn, wakaonyesha kuwa ndani ya jimbo la Vermont, jimbo dogo tu, kuna eneo lililokata watu 13 kwa kila 10,000 na lingine 151. Siamini kwamba makoo ya watu wa jimbo moja yanatofautiana kiasi hicho.

Siku hizi chama cha madaktari hawa wa masikio, pua na koo kina mwongozo. Kama shida ni maambukizi ya koo, subiri kwanza ikiwa mtoto hajafikisha mara 7 ndani ya mwaka, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na ziwe zimeandikwa kwenye faili, siyo za kukumbuka kichwani. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, huyo ana hesabu nyingine. Mimi ningekuwa mzazi, ningeomba tuhesabu wote na daktari, faili likiwa wazi.

Mwongozo huo lakini haukuambii ushike kisu au koteri. Wiki iliyopita kijana wetu mmoja amemaliza ubingwa, ameajiriwa hapohapo, nikakaa naye tumtengenezee kadi yake ya kwanza. Akaniambia, "Weka kama ya profesa." Nikanakili yote, kisu, mkasi, uzi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Glavu tu," akasema, "punguza saizi moja."