Waliokesha na Taa ya Eddystone

Ndugu zangu, kusini mwa Uingereza, zaidi ya kilomita 20 kutoka Plymouth, kuna miamba ya Eddystone. Maji yakijaa huzama karibu yote. Minara minne ya taa imejengwa hapo kwa zamu, na vitabu vimewatukuza wajenzi: Winstanley, Rudyerd, Smeaton, Douglass. Leo nataka tuwakumbuke waliokesha ndani.

Mnara wa kwanza uliwashwa mwaka 1698. Dhoruba ya Novemba 1703 iliuzoa usiku mmoja, pamoja na Winstanley mwenyewe na watunza taa wake.

Wa pili ulikuwa wa mbao. Inasimuliwa kwamba mwanzoni walikaa watu wawili. Mmoja akafa, bahari imechafuka, mashua haifiki. Mwenzake akaogopa kuutosa mwili asije akaambiwa ameua, akakaa na maiti hadi watu walipofika. Tangu hapo wakawekwa watatu. Kila nikikumbuka kisa hiki moyo huniuma.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1755 moto ukashika kileleni. Zamu ilikuwa ya Henry Hall, mzee wa miaka 94. Akawa anarusha maji juu kwa ndoo, uso ameuinua, kinywa wazi, na madini ya risasi ya paa yaliyoyeyuka yakamdondokea. Yeye na wenzake waliokolewa kwa mashua. Mzee akasema amemeza risasi, wasimsadiki. Siku 12 baadaye akafa, na daktari alipompasua akatoa tumboni kipande bapa cha risasi, uzito kama gramu 200. Kipo makumbusho ya Edinburgh hadi leo.

Waashi wa pwani yetu wanajua: chokaa ya matumbawe ikiwahiwa na maji kabla haijashika, kazi ni bure. Smeaton, akijiandaa kujenga mnara wa tatu badala ya ule ulioungua, alijaribu aina nyingi za chokaa, akaona kwamba chokaa ya mawe yenye udongo wa mfinyanzi hushika hata majini. Mnara wake wa mawe uliwashwa mwaka 1759 kwa mishumaa 24, na kila mmoja ulitaka mkono wa kuukata utambi, usiku kucha.

Bahari ilipoula mwamba chini yake, Douglass akajenga wa nne kando, 1882. Sehemu ya juu ya ule wa Smeaton ikahamishiwa Plymouth. Watunza taa wa mwisho wameshaondoka, na tangu mwaka 1982 taa hujiwasha yenyewe, jirani na kisiki cha Smeaton ambacho mawimbi yanakipiga bado.