Kima Punju na Kipepeo wa Mlimau

Assalaamu alaykum. Wazee wangu wa Pete na Jozani, walimu, na nyinyi vijana wa skuli, ahsanteni kwa kuja.

Kwa uainishaji, kima punju na kipepeo wanaachana mapema sana. Wote wamo katika himaya ya wanyama, basi. Kipepeo yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, anayetaga kwenye milimau yetu, ni wa faila (kundi kuu) ya arithropoda, yaani wanyama wenye miguu ya viungo, ngeli ya wadudu. Jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus. Kima ana uti wa mgongo, ni mamalia, wa oda ya primata, na humo na sisi binadamu tumo. Wataalamu humwita Piliocolobus kirkii.

Hali zao ndizo zinazonikosesha usingizi. Ukikata milimau yote ya Unguja leo, kipepeo huyo Tanga yupo, Mombasa yupo, karibu Afrika yote kusini mwa Sahara yupo. Hutaga mayai mengi, na wiki chache baadaye kizazi kipya kinaruka. Kima punju kwao ni Unguja tu, ukiacha wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa muda mrefu ndipo azae tena. Kwa hiyo Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Waliohesabiwa karibuni ni zaidi ya 5,800. Kwa dunia nzima, ni hao.

Na baadhi yao hawako ndani ya hifadhi, wako mashambani mwenu. Najua mnalalamika kwamba wanakula vidaka vya nazi. Wanavila kweli. Lakini utafiti uliofanywa hapa hapa na kuchapishwa 1999 haukuona mavuno yakipungua; palipoliwa vidaka zaidi, nazi zilizovunwa zilikuwa nyingi zaidi. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi. Wazee wangu, lifikirini hilo kabla hamjamrushia jiwe.

Kinachomuua hasa ni kukatwa kwa miti na mwendo wa gari. Matuta ya barabara ya Jozani yamesaidia. Hapa Pete wapo wanaofuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, na viwavi wao wanataka majani ya miti ya asili. Tuanze nao kupanda miti hiyo kwenye mipaka ya mashamba, kima apate pa kupitia bila ya kushuka barabarani. Mwenye nafasi shambani kwake aniambie leo, kabla hatujatawanyika.